Kifaduro: Sumu Inayoingia Bila Hodi

  Leo tuzungumze juu ya kifaduro.

Mama mmoja aliniletea mtoto wa wiki 7. Nyumbani walisema ni nyuni, kwa sababu mtoto alikuwa akikakamaa na midomo inageuka rangi ya samawati. Hakuwa akikohoa sana. Aliyekohoa, tena kwa wiki 3, ni kaka yake wa shule. Nikatazama kadi ya kliniki: chanjo ya wiki ya 6 haikuwapo. Mama alikuwa akingoja mtoto apate nguvu kwanza. Tulimpa oksijeni, akalazwa, akapona. Lakini ilibaki kidogo tu tumpoteze.

Kifaduro huletwa na bakteria aitwaye Bordetella pertussis. Huenezwa na matone ya kikohozi na chafya. Ndani ya njia ya hewa tuna vinyweleo vidogo mno vinavyofagia makohozi na vumbi, kama ufagio wa chelewa. Bakteria hujishika hapo na kutoa sumu. Sumu moja huua seli zenye vinyweleo. Ufagio ukiharibika, makohozi mazito hubaki, na mtoto hukohoa mfululizo mpaka pumzi inamwishia.

Sumu nyingine ni protini ambazo hupenya mpaka ndani ya seli zetu. Hulenga hasa askari wa mwili, yaani chembechembe nyeupe za damu. Protini moja ikishaingia, huchukua akiba ya nguvu ya askari na kuigeuza kuwa ujumbe wa uongo. Askari huchanganyikiwa: adui yuko mbele yake, lakini hamli.

Mama utauliza, haya yananihusu nini? Yanakuhusu kwa mambo mawili.

Kwanza, antibiotiki huua bakteria, lakini haiondoi sumu iliyokwisha kuingia, wala haioteshi vinyweleo kwa siku moja. Ndiyo maana dawa husaidia zaidi mwanzoni, wiki 1 au 2 za kwanza, ugonjwa ukifanana na mafua tu. Ukichelewa, kikohozi kitaendelea wiki nyingi, ingawa dawa bado huzuia kuambukiza wengine. Dawa ya kikohozi ya dukani haigusi sumu hiyo.

Pili, chanjo huufundisha mwili kuikamata sumu kabla haijaingia. Hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Tangu mwaka 2001 hapa Kenya, sindano hiyo moja hukinga pia dondakoo, pepopunda, homa ya ini aina ya B na bakteria wa Hib. Mtoto akipata homa kidogo baadaye, usiogope, na usiache zinazofuata. Kama umechelewa, njoo tu, hatutakufukuza.

Sindano ya pepopunda uliyodungwa ukiwa mjamzito haikingi kifaduro. Basi mtoto ambaye hajafika wiki 6 hutegemea sisi tulio karibu naye. Anayekohoa asimbebe wala asimbusu. Moshi wa kuni usimfikie.

Sasa sikiliza dalili. Mtoto mkubwa hukohoa mfululizo, kisha huvuta pumzi kwa mlio, na pengine hutapika. Mtoto mchanga huenda asitoe mlio wowote. Yeye huacha kupumua kidogo, hulegea au hukakamaa, na midomo hubadilika rangi. Ukiona hivyo, usingoje asubuhi. Chukua bodaboda au gari la jirani, nenda kituo kilicho karibu, nao watakuelekeza kama ni lazima mfike hospitali ya Msambweni. Wazee wakitaka kumwombea mtoto, na wamwombee mkiwa njiani.

Mgonjwa anapokohoa, mkalishe ameinama mbele kidogo. Mnyonyeshe kidogo kidogo, mara nyingi, na akitapika mnyonyeshe tena. Aliye chini ya mwaka mmoja usimpe asali.

Mama, kabla hujazima redio, itoe ile kadi ya kliniki uitazame. Penye nafasi tupu, kesho tuonane kliniki.