Ukikamatwa, Hesabu Saa 24

Msikilizaji, ukikamatwa, polisi wana saa 24 kukufikisha mahakamani. Ndivyo inavyosema Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 49. Saa 24, basi. Ila zikiishia usiku au wikendi, utafikishwa siku ya mahakama inayofuata. Ndiyo maana watu huogopa kukamatwa Ijumaa!

Uwe mwanafunzi, uwe mtu wa bodaboda, haki ni ile ile. Kituoni, uliza umekamatwa kwa kosa gani. Uelezwe kwa lugha unayoielewa. Hakikisha jina lako na saa ya kukamatwa vimeandikwa kwenye OB, yaani kitabu cha matukio cha polisi. Omba kumpigia wakili, au mzazi. Una haki ya kunyamaza. Karatasi usiyoielewa, usiitie sahihi.

Nawe mzazi, usingojee nyumbani. Nenda kituoni, uulize: saa 24 zinaisha lini?