Mashine za Hesabu na Mali ya Mkulima
(Hotuba ya Katibu katika mkutano wa kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu, uliofanyika Msimbazi)



Nimeagizwa niseme habari za kompyuta na simu katika kazi za Chama Kikuu chetu. Najua wako wazee hapa ambao wangependa zaidi kusikia habari za bei. Lakini siku hizi bei, uzito na malipo yote yapita katika mashine hizo, na mwenye kutaka kujua fedha yake imefika wapi hana budi kuijua njia yake.

Kununua si kazi. Ukitoka ukumbini ukaufuata Mtaa wa Msimbazi hata Kariakoo, kabla ya adhuhuri utakuwa umekwisha pata kompyuta, simu, na kijana wa kuzifunga. Kazi ni kuziendesha, na kuzifanya zisemezane.

Nchi yetu ilijifunza jambo hili mapema. Kompyuta ya kwanza ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha. Mashine ilikuwapo, lakini wajuzi wake wengi walikuwa wageni, na hesabu zilizotumainiwa kunyooka zikavurugika, hata mwaka 1974 Serikali ikakataza kompyuta zisiingizwe nchini. Wako wanaolicheka katazo lile. Mimi nasema lilikuwa kali kupita kiasi, ila aliyelitoa alikuwa amekwisha ionja hasara.

Sasa tutazame kwetu. Mazao hupimwa katika chama cha msingi, na karani huandika stakabadhi. Uzito ule huingizwa katika programu ya ghala. Mhasibu anayo programu yake nyingine, na malipo huenda kwa simu, ambayo ni njia ya tatu. Basi mkulima yule yule, katika daftari moja ameandikwa kwa jina la baba, katika la pili kwa jina la ukoo, na laini yake ya simu imesajiliwa kwa jina la mkewe. Karani wa kijijini amjua kila mtu kwa sura na kwa shamba lake. Mashine haimjui mtu, na kwayo hao ni watu watatu. Ndiyo sababu mtu hupeleka magunia yake mwezi wa sita, na mwezi wa tisa angali anazungushwa, kila dirisha likimwelekeza kwa jingine. Hakuna aliyemwibia, lakini watoto wake hawawezi kulipiwa ada kwa maelezo hayo.

Kwa hiyo Kamati yataka kila mwanachama awe na namba moja tu, ile ile mizanini, ghalani, kwa mhasibu na katika simu. Hata Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani MUVU, ulioanzishwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, hupokea yale tuyapelekayo; rejista yetu ikiwa na kasoro, na taarifa itakuwa na kasoro.

Liko pia jambo la funguo. Kampuni iliyotuuzia programu ya kwanza ilifunga mlango ikaondoka na maneno ya siri, nasi tukaiandika rejista upya kwa mkono kutoka madaftari ya vyama vya msingi. Tangu hapo twataka mkataba useme wazi kwamba taarifa ni mali ya Chama, na maneno ya siri yakae katika bahasha yenye lakiri ndani ya kasha la fedha, ifunguliwe mbele ya watu wawili. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yatudai tuzitunze habari za mwanachama. Karani hana ruhusa ya kumpa mchuuzi namba za simu zenu.

Vijana wa ofisini huniuliza kwa nini stakabadhi ya karatasi haijaachwa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika, intaneti ikafifia nchi nzima. Mizani haingojei waya. Karatasi na nakala yake zitabaki.

Katika makadirio mtakayopewa mchana huu liko fungu la kufundisha makarani na kutengeneza mashine kila mwaka. Naomba lisipunguzwe ili kununua kompyuta nyingine. Orodha ya majina itabandikwa katika kila chama cha msingi kabla ya msimu. Kila mmoja aje na kitambulisho chake, atazame jina, namba na simu, na palipo kosa amwambie karani alisahihishe papo hapo.