Lengo Moja kwa Wiki

Mzazi wa Kitengela, wa Isinya, wa Kajiado mjini, mtoto wako aliumia uti wa mgongo. Mmetoka hospitali, labda ile ya rufaa ya uti wa mgongo kule Hurlingham, Nairobi. Sasa kila jirani anauliza: atatembea lini? Swali hilo mwachieni daktari. Ninyi jiulizeni: wiki hii, mtoto afanye nini mwenyewe?

Chagueni lengo moja. Moja tu. Na mtoto aseme kwanza. Wewe unawaza shule. Yeye anataka kufika dukani anunue mandazi na wenzake. Basi anzeni na duka. Kaka atasaidia kusukuma kiti cha magurudumu penye kokoto. Pesa ashike mwenyewe.

Kando ya lengo hilo la wiki, lipo jambo lisilongoja: ngozi. Mtoto asiyehisi makalio hahisi kidonda kikianza. Akiwa kitini, ajiinue au aegemee upande kila nusu saa, jinsi mlivyofundishwa kliniki. Asubuhi na jioni, mkague makalio na visigino. Ukiona alama isiyofifia, asikalie wala kulalia hapo, na mumwone daktari mapema.

Leo jioni kaeni pamoja. Baba pia, tafadhali. Kazi ya kumtunza mtoto huachiwa mama mno. Andikeni lengo moja kwenye kalenda ya ukutani. Jumapili liangalieni. Limeshindikana? Lipunguzeni, msimgombeze mtoto. Siku ya kliniki, nendeni na kalenda hiyo, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aione.