Mzazi Asiachwe Peke Yake Wodini

(Ujumbe uliotolewa na mwinjilisti kutoka Mocímboa da Praia)

 

Nimepewa dakika chache, basi nitasema jambo moja tu: mzazi aliyelazwa na mtoto. Ndiyo, aliyelazwa. Kadi ina jina la mtoto, lakini mama naye amelazwa. Analala chini kwenye mkeka, sikio lake liko juu kitandani, anasikiliza pumzi.

Fungueni Marko 5, habari ya Yairo. Yesu alipofika kwenye ile nyumba, waliokuwa wakipiga kelele aliwatoa nje. Lakini baba na mama aliingia nao mahali alipolala mtoto. Angalia hapo, mpendwa! Wazazi hawakuhesabiwa kuwa usumbufu. Na binti alipoinuka, Bwana aliagiza apewe chakula. Muujiza umeshatendeka, bado mtoto anahitaji uji.

Sisi wa Mocímboa tunalijua jambo hili. Vita vilianza kwetu tarehe 5 Oktoba 2017. Mji ulipotekwa Agosti 2020, watu walikimbia na watoto mgongoni, wengine Pemba, wengine Mueda, wengine wakavuka mpaka Mtwara. Mji ulikombolewa Agosti 2021, lakini hospitali haisimami tena kwa siku moja. Mtoto akizidiwa, safari ni ya Mueda au Pemba, mwendo mrefu. Huko ugenini mama hana shangazi wala jirani wa kumshikia mtoto aende kuoga.

Mimi na mke wangu tumekaa wodini. Mtoto wetu alikuwa na miezi saba, malaria imemmaliza damu, viganja vyeupe kama karatasi. Aliyeruhusiwa kulala ndani ni mzazi mmoja tu, kwa hiyo mimi nililala barazani siku kumi na moja. Ilipohitajika damu, ndugu wawili wa ushirika walikuja wakatoa. Hawakuhubiri. Walikunja mikono ya shati, wakatoa damu. Mtoto yule leo anasoma darasa la nne. Haleluya!

Kitanda cha pili alikuwepo mama mwingine na mwanawe mchanga. Akaja mtu anayejiita mtumishi, akamwambia dripu ni dalili ya kukosa imani, amtoe mtoto aende kwenye maombi. Akamtoa. Siku ya tatu walirudi naye, hana nguvu hata ya kulia. Hakufika asubuhi. Wapendwa, nasema mbele za Mungu: mtu asiondoe mtoto hospitali kwa jina la Yesu. Yesu aliyemponya binti Yairo hagombani na dripu. Ombea dawa ifanye kazi, muombee na nesi asichoke.

Tena, kukaa kwa mama ni tiba yenyewe. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani, uliofanyika katika hospitali za Tanzania, Malawi, Ghana, Nigeria na India. Watoto waliozaliwa na uzito wa kilo moja hadi chini kidogo ya kilo 1.8 waliwekwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, tangu mwanzo, bila kusubiri hali zao zitulie. Vifo vilipungua kwa robo. Kifua cha mama na kapulana yake!

Basi ushirika ufanye nini? Mosi, peleka uji, maji, sabuni na ndoo. Usimuulize mama anahitaji nini, maana atasema hakuna. Pili, kawatazame watoto aliowaacha nyumbani. Tatu, ninyi akina baba, tokeni damu, na kaeni karibu. Mtoto si wa mama peke yake. Nne, ukienda kuomba, omba kwa sauti ya chini na kwa ufupi. Wodi ina wagonjwa wengine, na yule mama hajalala tangu juzi.

Na kila mzazi ashike hili: mtoto akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akipumua mbiombio au akilegea, usingoje ibada iishe. Nenda saa hiyo hiyo. Sisi tutaomba huku wewe uko njiani, na mmoja wetu atapanda gari pamoja nawe.

Ushirika huu una miaka, una kwaya, una sare nzuri. Lakini mama aliye Pemba usiku huu atatujua kwa bakuli la uji. Mungu awape nguvu wote walioko wodini, awaponye watoto wao, na atufanye sisi tuwe miguu ya kuwafikia. Amina.