Kidonda Kidogo, Maumivu Makubwa

Anayekata pilipili kichaa kwa mikono mitupu huhisi vidole vinaungua, ilhali hakuna moto uliovigusa. Neva zake zimedanganywa. Mwaka 1997 David Julius na wenzake, huko San Francisco, waligundua kinachodanganywa: protini iitwayo TRPV1, iliyo kwenye ncha za neva za ngozi. Joto likikaribia nyuzi 43 za Selsiasi protini hiyo hufunguka, chembe zenye chaji ya umeme huingia, na neva hutuma ishara. Kapsaisini, kemikali ya pilipili, huifungua hata bila joto.

Ishara husafiri kwa njia mbili. Neva nyembamba zenye utando wa mafuta huipeleka kwa mita 5 hadi 30 kwa sekunde; zile zisizo na utando huo hujikokota kwa takriban mita moja. Ndiyo maana aliyejikwaa hupata kwanza mchomo mkali, kisha, akishamaliza kusema “yalaa!”, hufuata maumivu mazito yanayodunda.

Njia zote mbili huishia kwanza kwenye uti wa mgongo, na hapo ndipo mambo hunoga. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walipendekeza kuwa pana lango pale, linaloweza kupunguza ishara kabla haijapanda ubongoni. Neva za mguso hulibana. Mtoto aliyegonga goti husuguliwa, na kweli hutulia. Baadhi ya vipengele vya nadharia hiyo vimerekebishwa, lakini kiini chake kimebaki. Ubongo nao hutuma amri kuelekea chini, na mwili hutengeneza dawa yake wenyewe: enkefalini, zilizotambuliwa Aberdeen mwaka 1975.

Daktari Mmarekani Henry Beecher aliyaona hayo vitani nchini Italia, mwaka 1944. Wengi wa askari waliojeruhiwa vibaya walisema hawahitaji dawa ya maumivu. Kwa hiyo mhudumu anayemwambia mgonjwa “mbona kidonda chenyewe kidogo?” anapima ngozi, hapimi maumivu.

Kutohisi kabisa si bahati. Kaskazini mwa Pakistan alikuwepo mvulana aliyejichoma visu mikononi na kutembea juu ya makaa ili watu watazame. Aliruka kutoka paa la nyumba, akafa kabla ya kutimiza miaka 14. Mwaka 2006 watafiti waliochunguza familia za eneo hilo zenye hali kama yake walikuta hitilafu kwenye jeni SCN9A, inayounda mlango wa sodiamu unaoitwa Nav1.7. Mlango huo usipofanya kazi, neva za maumivu hazipeleki ishara.

Fuko asiye na manyoya, anayeishi chini ya ardhi kavu ya Kenya, Somalia na Ethiopia, ana mlango huohuo wenye mabadiliko madogo. Asidi inayowaumiza panya wengine huuziba wake, na yeye haoneshi dalili ya kuumia. Lakini ukimbana mkia, hushtuka kama panya yeyote.