Kama ofisi haikupokee: maneno kwa wanafunzi wa mawasiliano wa Goma

Najua wengine mumetoka Ndosho na Majengo kwa miguu, juu franga ya pikipiki haiko.

Leo nazungumza hasa na wale munasoma mawasiliano na munataka kufanya relations publiques, ile kazi ya kujenga uaminifu kati ya taasisi na watu. Swali lenu nalisikia kila wiki. Kila tangazo la kazi linaomba miaka 2 ya uzoefu, na uzoefu wenyewe unapatikana kazini. Sasa mtu aanzie wapi?

Tuseme ukweli kwanza. Mlango ambao wakubwa wetu walipitia umefungwa. Miaka mingi, mwanafunzi wa Goma alikuwa na ndoto moja: staji ku ONG, jile yenye nembo, kisha kontra. Halafu ikafika Januari 2025. Mwezi ule mmoja, mapigano yaliingia mjini, M23 wakachukua Goma, uwanja wa ndege na benki zikafunga. Na kule Washington serikali mpya ikasimamisha misaada ya nje. Maofisi mengi yaliyokuwa yanapokea wanastaji yalipunguza watu ao kufunga kabisa. Yule aliyepoteza kazi na miaka yake 10 ya uzoefu, njo huyo anaomba nafasi unayoomba wewe. Kwa hiyo kuzunguka na barua 40 kwa walinzi wa mageti ya Himbi, kwangu mimi ni kupoteza karatasi.

Ofisi zimepungua, lakini kazi yenyewe haijapungua hata kidogo. Angalieni ilianzia wapi. Mwaka 1906, Marekani, treni ilianguka majini ku Atlantic City, watu zaidi ya 50 wakafa. Kampuni za reli zilikuwa na tabia ya kuficha ajali. Ivy Lee, aliyekuwa anafanyia kampuni ile, akaandika kilichotokea na kukigawia magazeti mbele ya uvumi kutembea. Wengi wanahesabu karatasi ile kuwa komunike ya kwanza ya kazi yetu. Haikuwa matangazo ya kusifu kampuni. Ilikuwa habari ya msiba.

Sasa mukumbuke tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, Nyiragongo ilipowaka. Watu walikimbia kwa kuangalia rangi ya mbingu. Siku 5 baadaye, asubuhi ya tarehe 27, gavana akatangaza kwamba kati ya mitaa 18 ya mji, 10 iondoke. Watu wakamwagika barabara ya Sake, wengine Gisenyi, wengine bandarini kutafuta mashua ya Bukavu. Siku zile zote kila simu ilikuwa redio, na sauti za watu wasiojulikana zilizunguka ku WhatsApp. Kilichokosekana ku mitaa mingi ni mtu wa kusema: hiki kinajulikana, hiki bado, nendeni njia hii, nitarudi na habari saa kumi na mbili. Mtu anayeweza kusema hivyo na watu wakamuamini, huyo anafanya relations publiques, hata kama hana beji.

Na muko na kitu ambacho mtaalamu aliyetoka ngambo hana. Mwaka 2019, wakati wa Ebola, Translators without Borders walifanya utafiti hapa Goma. Waliona kwamba watu walitaka maelezo kamili ya ugonjwa, na wayapate kwa Swahili wanayoongea wenyewe, haiko Kifaransa cha ofisi ao Swahili ya vitabu. Mabango yalikuwa mengi, lakini mama wa soko la Virunga alihitaji mtu wa kumujibu kwa maneno yake. Ile lugha munaona aibu kuiandika ku CV, njo kipawa chenu. Muiandike.

Sasa tufike ku kazi yenyewe. Chagua fasi moja ndogo iliyo karibu na kwenu: kituo cha afya, shule, timu ya mpira, ushirika wa mama wauza samaki wa Kituku. Moja tu. Muulize mkubwa wa pale: watu wanaamini nini juu yenu ambacho si kweli? Tuseme kituo cha afya kinakosa watoto wa chanjo, juu wazazi wanafikiri chanjo inalipishwa, kumbe za watoto ni bure. Usikimbilie kutengeneza bango. Nenda ku robine ya mtaa, uliza mama 20 walisikia wapi habari ile, na uandike maneno yao kama yalivyo. Kisha andika ujumbe wa mistari 3, uwasomee mama 5, uone fasi wanakunja uso. Urekebishe. Peleka ku redio ya karibu, ku kanisa, ku musikiti, kwa mukubwa wa avenyu. Kisha subiri mwezi 1 na uulize kituo: watoto walikuwa wangapi mbele, na sasa ni wangapi? Hata kama hesabu haikupanda, andika, na useme sababu unayofikiri.

Ukurasa ule mmoja unapita staji nyingi ninazozijua, fasi mwanafunzi anatumwa kununua mega na kupiga picha za mkutano. Ukiwa na kurasa 3 za namna ile, uko na dosie. Mwajiri akiuliza uzoefu, umpe dosie, si yale maneno ya kila CV, «dynamique na mwenye kupenda kazi ya kikundi».

Kuna kitu kingine ambacho hakifundishwi vizuri ku oditoriumu. Siku yako ya kwanza utapewa bahasha za kugawia wana habari, ile tunaita coupage. Watakuambia ni franga ya usafiri. Uulize: anayekuja bila bahasha ataandika nini? Ninajua wana habari hawalipwi vizuri, na sitawahukumu hapa. Lakini ukijifunza kazi kwa bahasha, siku bahasha itaisha utakuwa hujui kazi. Vilevile ukiombwa kusifu mukubwa fulani ku Facebook kwa jina lako, pima. Mji huu unabadilisha wenyewe, na maandishi yanabaki. Na picha ya mukimbizi ku kambi, bila ruhusa yake, usiiweke hata kama ofisi inaitaka.

Ukipata staji ya kweli, vizuri. Lakini ombeni karatasi: inaisha lini, nani anakufundisha, nauli analipa nani, cheti kinatoka siku gani. Bila franga hata moja, miezi 3 kwangu inatosha. Baada ya pale wewe ni mfanyakazi asiyelipwa. Na anayekuomba franga ili akupe staji, ao anayekuita hoteli saa za usiku «kuzungumuzia nafasi», huyo hana staji. Dada zangu, mukiambiwa hivyo musinyamaze peke yenu. Mumuambie mtu siku ileile, na muhifadhi ujumbe.

Nimemaliza upande wangu. Jumamosi ijayo, saa nane, fasi hii hii: kila mmoja alete jina la fasi aliyochagua na majibu ya watu 20. Wenye hawana kalamu waniambie sasa, niko na paketi 2.