Mtoto Mwenye Kunyamaza Darasani



Tunapenda kusema kidogo juu ya kazi tunayofanya na walimu wa hapa Kibumba. Wengi wenu mulikimbia vita Novemba 2022, mukaishi kambini Kanyaruchinya mpaka mwanzo wa 2025, kambi zilipobomolewa. Watoto mulirudi nao. Lakini kurudi nyumbani si kupona.

Walimu wanatuambia: kuko mtoto mwenye kusinzia darasani kwa sababu usiku halali. Kuko mwenye kupigana kwa neno dogo. Kuko mwenye kunyamaza wiki nzima. Mwingine, mvua ikipiga mabati, anaingia chini ya dawati. Watu huita hayo utundu, na fimbo inatoka.

Katika mafunzo tunafuata njia ambayo Shirika la Afya Duniani na wenzake waliandika mwaka 2011: kutazama, kusikiliza, kuunganisha. Kutazama ni kuona nani amebadilika. Kusikiliza ni kukaa naye pembeni, bila kumlazimisha aseme aliyoyaona. Kuunganisha ni kumfikisha, pamoja na wazazi, kwenye kituo cha afya kama hali inazidi, na mara moja kama anasema anataka kufa. Mwalimu si daktari, hatumuombi atibu. Tunamuomba pia ashike ratiba ileile kila siku, na wimbo na mchezo ndani yake. Mtoto aliyehamahama anatulia akijua kesho atakuta nini.

Sasa tuseme ukweli. Mwalimu naye alikimbia. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi ni ya bure katika inchi yetu, na madarasa yalijaa. Mwalimu mwenye watoto wengi hivyo, naye usiku halali, ukimpa semina ya siku mbili na cheti, haichukui muda anarudilia fimbo. Kinachomshika mkono ni kukutana na wenzake kila mwezi, aseme kilichomshinda, bila direkta kumwandikia kosa.

Kwa hiyo ndugu wafadhili, musihesabu semina peke yake; mutegemeze mikutano hiyo ya kila mwezi. Nanyi wazazi, mtoto akikojoa kitandani, musimucheke mbele ya majirani. Mumwambie mwalimu wake. Na wakati wa kuvuna viazi, mumuache aende masomo: pale ndipo kuko mtu anayemtazama.